Mkagua Tiketi na Kiti Kilichotoroka

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, mtaa wa Kanyenye, nusu ya kichwa changu imenyolewa na nusu bado. Mchukuzi mmoja wa stesheni alikuwa akipita, akaingiza kichwa mlangoni na kusema, "Wazee wangu, yule mkagua tiketi wa Ng'ambo, yule Mzaramo, hatunaye. Amefariki leo alfajiri hospitali." Kinyozi akashusha mkasi, akasema inna lillahi, na wote waliokaa kwenye benchi wakaanza kusikitika kwa pamoja, kila mtu na lake la kusimulia.  Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba katika ukurasa huu wa gazeti sina desturi ya kuwavika marehemu sifa ambazo hawakuwa nazo, basi leo nisianze kwa kujivika mimi mwenyewe. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa huzuni. Kilikuwa wepesi, wepesi wa mtu aliyetuliwa mzigo aliouzoea mpaka akasahau kwamba anao. Nilijisemea, "Sasa hatacheka tena." Kisha nikamwambia kinyozi amalizie kichwa changu, na nilipotoka pale nilipita njia ya nyuma ya maduka ili nisikutane na mtu wa kunipa pole.

Kwa wasiomjua, alikuwa mkagua tiketi wa daraja la tatu katika treni zinazotoka hapa Tabora kwenda Kigoma na zile za Mwanza. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, koti lake la khaki limepigwa pasi mpaka mikono yake inasimama yenyewe, na ile koleo ya kutobolea tiketi ikining'inia kiunoni. Kazini hakuwa na mswalie Mtume. Abiria waliojificha chooni aliwangoja mlangoni bila kugonga, kimya, mpaka wachoke wenyewe kukaa humo. Mara moja alimkuta shemeji yake, ndugu wa mkewe tumbo moja, amepanda bila tiketi na kuketi kwa raha zote akijua nani anakuja kukagua. Akamteremsha Kaliua. Wanasema alishuka naye, akamwonyesha benchi la stesheni, akamwachia mkate wake mwenyewe na chupa yake ya chai, akampa mkono wa kwaheri, akapanda treni ikaondoka. Mkewe hakusema naye kwa juma zima. Nalieleza hili mapema ili msomaji asije akadhani nazungumzia mtu mwepesi, mtu wa mzaha, asiyejua kazi. Laiti angekuwa hivyo, ningelala usingizi wangu vizuri miaka yote hii.

Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujajuana. Utani huu ulitengenezwa njiani, enzi za babu zetu waliobeba pembe kutoka huku Unyanyembe kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Watu waliolala njaa pamoja na kuzikana porini wakajipa ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, na ruhusa ile tumeirithi. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako nawe ukabaki unacheka. Mimi ruhusa hiyo niliitumia mpaka ikachakaa. Kwa miaka kumi na miwili nilimwambia mtu yule maneno machungu, sokoni, barazani, harusini kwa watu, na yeye pamoja na wote waliotusikia walidhani nafanya utani. Alikuwa akijipigapiga paja na kusema, "Huyu ndiye mtani! Wengine wote wananionea haya." Sikuwa nafanya utani. Nilimwonea wivu, wivu mzito wa kuamka nao asubuhi, na sababu yake ilikuwa picha moja ya sinema ya watoto.

Wakati huo nilikuwa karani wa Boma, na pamoja na ukarani nilipewa kazi ya kufasiri sinema. Vijana wa leo hawaijui kazi ile. Mikebe ya picha ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na kila Jumamosi baada ya adhuhuri watu walikusanyika katika ukumbi mmoja mtaa wa Ng'ambo. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie, joto la humo ndani si la kusimulia, wakubwa wakakaa kwenye mabenchi ya nyuma na watoto kwenye mikeka mbele. Picha zilisema Kiingereza cha haraka. Mimi nilisimama kando ya shuka jeupe na bomba la bati mdomoni, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili kinachotendeka. Kila mkebe ulikuja na karatasi iliyopigwa chapa, yenye maelezo ya picha na funzo lake: pamba ichomwe masalia yake baada ya mavuno, maji yachemshwe, choo kichimbwe mbali na kisima, mbung'o wakimbizwe kwa kufyeka pori. Picha ikiisha nilipaza sauti na kuuliza, "Je, tumejifunza nini?" na ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja. Nilikuwa hodari. Niliitwa Bwana Sinema mpaka Sikonge, na wazee wenye mvi walinipisha kivuli. Binti yangu, mwenye miaka minane wakati huo, alikaa mkeka wa mbele kabisa na sare yake ya shule, na alipojibu "Tumejifunza kuchemsha maji!" alikuwa akinitazama mimi, hakutazama shuka.

Jumamosi moja ukafika mkebe usio na karatasi. Niliupindua, nikautikisa, nikaangalia ndani ya kifuniko, hakuna kitu. Mwendesha mashine akaniambia, "Bwana, wewe si mtu wa kuhitaji karatasi." Nikavimba kichwa, nikachukua bomba langu nikasimama mahali pangu. Picha ikaanza. Kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja umekatika kipande kidogo kwa chini, na kila anayekikalia anayumba na kukitukana. Basi kiti kikachoka. Kikajivuta mpaka mlangoni, kikachungulia kushoto na kulia, kikatoka, kikaanza kuchechemea barabarani kwenda kutafuta kipande chake. Hayo ndiyo yalikuwa mbele ya macho yangu. Lakini mimi nilikuwa nimezoea kwamba serikali haigharimii picha bure, lazima kuna jambo linataka kufundishwa, na nikaanza kulitafuta huku nasema. "Tazameni hasara ya kutotunza vyombo vya nyumbani," nilisema. "Mali isiyotunzwa hupotea." Kiti kikafika sokoni, kikakaliwa na bibi mmoja mnene aliyedhani ni kiti cha kawaida, kikaondoka naye mbiombio. Nikasema, "Hapa tunaonywa tusikae ovyo sokoni, tuwapishe wateja." Kiti kikakutana na bata bukini, kikamkanyaga bila kukusudia, kikarudi kinyumenyume na kumwinamia. Nikasema, "Na huu ni ufugaji bora wa bata."

Ndipo kicheko kikatoka. Hakikutoka kwa watoto, wao walikuwa kimya wakinisikiliza mimi na kuchanganyikiwa. Kilitoka katikati ya mikeka yao, na nilipotazama nikaona mtu mzima na miguu yake mirefu ameikunja kama panzi, kofia ya reli magotini, machozi yanamtoka. Mimi nilimjua kwa sura ya treni tu, na sura ya treni haikuwa na meno. Akaniambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mtani, ufugaji gani huo? Kiti kinamwomba bata radhi! Hebu kitazame!" Watu wakaguna. Nikajibu kwa bomba, "Watu wazima wakae kwenye mabenchi." Wakacheka, wakidhani ni utani. Nikaendelea, na sasa kiti kikaingia stesheni, kikajipenyeza katikati ya abiria, kikapanda treni. Nikababaika. Sikujua funzo la kiti ndani ya treni ni lipi, na nikakaa kimya muda wa kutosha kwa ukumbi kuona kwamba sijui. Halafu sauti nyembamba ikasema, "Mpe yeye aseme, baba." Ilikuwa sauti ya binti yangu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, na wenzake wakafuata, "Mpe yeye! Mpe yeye!"

Nilimpa bomba. Nakiri nilimpa kwa nia mbaya, nikijua kwamba mkali yule wa mabehewa angesimama pale, agugumize maneno mawili na kuaibika, kisha anirudishie changu. Hakusimama hata kusimama. Alibaki pale pale mkekani na kuanza kusema sauti ya kiti. Sijui aliitoa wapi. Ilikuwa sauti ya mzee mmoja mwenye heshima zake aliyeumia mguu na hataki kubebwa. "Samahani, mama, pole, mimi pia nina safari... Hapana, sijakaliwa na mtu, nashukuru, leo nimepumzika." Mkagua tiketi wa kwenye picha alipotokea, mnene, mwenye masharubu, marehemu akampa sauti yake mwenyewe, ile ya kazini, ambayo kila mtoto wa Ng'ambo aliijua na kuiogopa: "Tiketi!" Na kiti kikajibu kwa upole, "Bwana mkubwa, mimi ni kiti kama viti vingine vyote vya humu ndani. Umewauliza wenzangu?" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Wazee kwenye mabenchi walishikana mabega. Binti yangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, akalala chali mkekani, sare na yote, na mimi baba yake nilisimama kando ya shuka nikimtazama, nikihesabu moyoni ni mara ngapi nimewahi kumwona anacheka hivyo. Sikupata hata mara moja.

Mwisho wa picha, kiti kilikuta kile kipande cha mguu wake mkononi mwa mtoto mchanga, amekifanya kitu cha kuchezea na kung'ata. Kikamtazama mtoto, kikatazama kipande, kikageuka kurudi kwake kikichechemea.  Hapo marehemu alishusha bomba, akaacha watu watazame. Taa ilipowashwa nikalinyakua bomba langu na kuuliza, kwa sababu ndiyo kazi yangu, "Je, tumejifunza nini?"  Watoto walitazamana. Kisha yeye akasema polepole, "Mtani, tungojee kidogo, bado tuko kule." Nilimchukia kwa neno lile.

Picha ile ilikaa Tabora Jumamosi nne, maana mikebe mipya ilichelewa. Mara zote ambazo hakuwa safarini alikuja, amekoga, amevaa kanzu safi, akakaa kwenye mkeka na watoto, na bomba likawa lake bila mtu kuniuliza. Jumamosi ya tatu nilimfuata nje. Nilimwambia, "Mtani, wewe una mke na watoto, una cheo reli. Huoni haya kukaa chini na kulia machozi kwa ajili ya kiti?" Alifikiri kwanza, kwa sababu alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. Akasema, "Haya naona, mtani. Lakini tazama. Mimi kutwa nzima nawakagua watu. Nikiingia behewa, mama anayenyonyesha anaficha uso, mzee anaanza kujipapasa hata kama tiketi anayo. Ukiishi hivyo miaka, unaanza kuona kila mtu amekosa kitu. Sasa pale ndani kwa saa moja hakuna aliyekosa. Nikitoka pale, hata mama yule wa Jumatatu namtazama vingine." Nikamwuliza, "Kwa hiyo unawasamehe wasio na tiketi?" Akashtuka kweli. "Astaghfirullah! Nawateremsha. Ila nawateremsha vizuri."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo yakinikereketa. Chakula kilipoletwa, binti yangu alikuwa akichechemea kuzunguka mkeka, anamwinamia mama yake, anaomba radhi kwa sauti ya mzee. Nikamwambia akae ale. Akakaa. Akala. Baadaye akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa namna watoto wanavyouliza, "Baba, kwani wewe ulikuwa hukioni kile kiti?" Nikamjibu kwamba nilikiona vizuri kuliko yeye, na kwamba siku moja atakapokuwa mkubwa ataelewa. Hakuniuliza tena. Tangu siku ile, jambo lolote la kuchekesha alilolipata shuleni au njiani alikuwa akilipeleka kwanza kwa mkagua tiketi, nami nikilipata kwa mama yake, likiwa limepoa.

Nimejiuliza sana kwa nini jambo dogo namna hii liliniumiza hivyo, na nadhani msomaji wa rika langu anakijua kiini chake. Sisi tulioajiriwa na hawa wenzetu waliotoka ng'ambo ya bahari tumeitwa boi tangu ndevu zinaota mpaka zinapokuwa nyeupe. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mwenye umri wa kuwa mwanangu, aliniita boi mbele ya tarishi, na mkewe pia, na mtoto wao wa miaka sita pia. Ukiitwa hivyo asubuhi hadi jioni unaanza kuulinda utu uzima wako kwa wivu. Unanunua saa ya mfukoni. Unajifunza kukohoa kabla ya kusema. Unahakikisha hakuna atakayekukuta umekaa chini, umefungua mdomo, unashangaa. Tumekuwa kizazi cha watu wazima wasio na likizo, na watoto wetu wametujua kwa kukohoa kwetu tu. Sasa yule Mzaramo naye aliitwa boi, tena na abiria wa daraja la kwanza waliomtupia mizigo ambayo haikuwa kazi yake kuibeba, na bado Jumamosi alikaa mkekani kama mtu asiyeogopa kupungukiwa na chochote. Babu yake na babu yangu walitembea njia moja wakiwa na mizigo ya uzito mmoja. Nilitaka kujua ni nani aliyempa yeye ruhusa ile na kuninyima mimi. Huo ndio wivu ninaousema. Sikutaka nyumba yake wala cheo chake. Nilikitaka kile kicheko, na kwa kuwa sikuweza kukipata, nikaona afadhali asikipate na yeye.

Basi naomba sasa nieleze nilichofanya, maana ndicho kilichonikalisha kuandika. Kila baada ya miezi mitatu nilipaswa kupeleka Dar es Salaam taarifa ya picha zilizoonyeshwa na namna watu walivyozipokea. Safari ile niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa mlazo kwamba picha ya kiti haina funzo lolote kwa wananchi, kwamba imewafanya watu wazima kuacha heshima zao mbele ya watoto, kwamba watoto walishindwa kujibu maswali baada yake, na kwamba wazee wa mji wameomba picha za namna hiyo zisiletwe tena. Hakuna mzee aliyeomba. Wazee walikuwa wakiniuliza kiti kitarudi lini. Taarifa ikapigwa mhuri, ikapanda treni ya reli hiyo hiyo aliyokuwa akiitumikia yeye, ikaenda zake. Majibu yalikuja kwa mstari mmoja: ushauri umekubaliwa. Na kweli, mpaka siku nilipostaafu, ikaletwa pamba, ikaletwa mbung'o, ikaletwa maji ya kuchemsha, na mimi nikarudishiwa bomba langu la bati na ukumbi uliojibu kwa pamoja.

Marehemu hakujua. Kila mikebe mipya ilipofika alipita Boma akiwa na sare yake, akaegemea dirisha la ofisi yangu na kuuliza, "Mtani, safari hii imo?" Nami nikamjibu, "Bado, mtani. Wanasema bado." "Umewaandikia?" "Nimewaandikia." Hilo halikuwa uongo. Alinishukuru, akaenda zake, na mwezi uliofuata akarudi. Kwa muda gani? Nilistaafu mwaka wa tisa tangu taarifa ile, na hata baada ya hapo alikuwa akinisimamisha njiani kuniuliza kama nina habari. Na ninyi mnaonijua mtafikiri kwamba nilijiona mshindi. Wapi. Kwa kuwa picha haikuja, alianza kuitengeneza mwenyewe kwa mdomo. Watoto wa stesheni walimngoja ashuke, naye akawapa safari mpya za kiti: kiti kimefika Kigoma kimeogopa ziwa, kiti kimealikwa harusi Nzega kikapewa mkaaji asiyekipenda, kiti kimepelekwa baraza la mahakama. Nilipita pale na mwavuli wangu, nikavisikia vicheko, nikamwambia, "Mzaramo, uongo wako utakuozesha meno." Wakacheka na hilo pia. Nilikuwa nimemzibia dirisha kwa blanketi, na yeye akawa anatoa mwanga kwa ndani.

Tulimzika kesho yake alasiri. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka wawe. Desturi ni kwamba mtani ndiye mwenye haki ya kuvuruga huzuni, na macho yote yalikuwa kwangu, maana mji mzima uliniita mtani wake mkubwa. Jeneza lilipofika makaburini nilijaribu kufungua mdomo nikakuta hakuna kitu.  Akajitokeza fundi cherehani mmoja, Mnyamwezi mwenzangu, akasimama katikati ya njia na kunyoosha mkono mbele ya jeneza. "Hapiti mtu hapa! Tiketi yake iko wapi? Kawateremsha wangapi huyu? Leo na yeye tumteremshe!" Watu walicheka na kulia kwa pamoja, wafiwa na wachukuzi, na shemeji yule wa Kaliua akacheka kuliko wote. Nami, Mungu anisamehe, nikiwa nimesimama ukingoni mwa kaburi la mtu, nikasikia wivu tena, kwamba hata kichekesho hicho hakikunijia mimi.

Binti yangu alikuwepo. Siku hizi ni mwalimu Nzega, na alipopata habari alipanda lori usiku huo huo, akafika amejaa vumbi. Alimlilia yule mzee kwa namna ambayo sina hakika nitaliliwa. Watu walipoanza kutawanyika alikuja akanishika mikono yote miwili, jambo ambalo hajalifanya tangu awe mkubwa. "Shikamoo, baba." Nikasema marahaba. Akasema, "Nataka nikushukuru. Nilikuwa sijui. Mzee aliniambia mwaka jana nilipokwenda kumwona. Alisema, 'Baba yako ana siri moja, hapendi isemwe. Miaka tisa amepigana na wakubwa wa Dar es Salaam kwa ajili yenu ili picha ya kiti irudi. Kila mwezi alikuwa anaandika, na kila mwezi wanamkatalia, na hakuchoka.' Baba, mimi nilikuwa nafikiri hukuipenda picha ile. Nilikuwa nafikiri hutupendi tukicheka. Nisamehe." Na alikuwa akinitazama mimi, kama zamani pale mkeka wa mbele. Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo ulikuwa wangu, na ukweli niliujua. Nikasema, "Ah, mwanangu, ilikuwa kazi tu." Akaniegemea begani, akalia vizuri, nami nikampigapiga mgongo. 

Wasomaji wangu wamezoea kwamba nikifika mwisho nawapa funzo. Miaka yote nimeyatafuta mafunzo hata mahali yasipokuwapo, na leo ambapo lipo sikulitafuta, limenifuata lenyewe. Anayeshindwa kucheka pamoja na wenzake atoke ukumbini taratibu, aende akapunge upepo, asiandike taarifa. Kushindwa kufurahi si kosa, wengi tumezaliwa na ugumu huo na wengine tumeutiwa na maisha. Kosa langu ni kwamba niliufanya ugumu wangu uwe amri kwa mji mzima, nikauita heshima, na mtu aliyekuwa na haki ya kunichukia akaenda kaburini akinitetea kwa mwanangu.

Na wewe, binti yangu, najua gazeti hili hukufikia huko Nzega siku ya Alhamisi na kwamba huanza kulisoma kwa ukurasa wa baba yako. Hakuna barua nyingine niliyoiandika ila hiyo moja. Nimekuelezea hapa mbele ya watu wote kwa sababu peke yetu ningekudanganya tena. Zile shukrani ulizonipa makaburini hazikuwa zangu, nami nilizipokea. Usinionee huruma ukaniachia. Zichukue umpelekee mwenyewe. Kaburi lake unalijua.